Tupime udongo, tununue chokaa pamoja, kisha ndiyo tuongee mbolea



Sezoni A ikikaribia, mikutano yetu inafunguliwa na swali moja: mbolea ya duka tutaipata wapi, na kwa bei gani? Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Kuna lingine linalopaswa kulitangulia: udongo wetu una uchachu kiasi gani? Kama hatujui jibu lake, tunaweza kulipia DAP na urea kwa dola, tukabeba mifuko mgongoni kutoka barabarani hadi shambani, na maharagi yakatoka manjano na mafupi kama mwaka jana. Halafu tunasema: “Udongo imechoka.” Wengine wanasema: “Ile mbolea iko ya uongo.” Pengine mbolea ni ya kweli kabisa, ila udongo umeifungia.

Dawa ya udongo mchachu inajulikana tangu zamani, na si ya ajabu. Ni jiwe jeupe la chokaa, ambalo wenye elimu ya kemia wanaliweka katika jamaa ya kabonati. Maoni yangu katika ukurasa huu ni haya: kooperative ya Kamituga isitoe pesa ya mbolea kabla ya kupima udongo, na pale uchachu unapopatikana, ianze na chokaa. Naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa maana kuna hesabu ya kufanya, na kuna hatari moja ya hapa kwetu ambayo watu wa sehemu nyingine hawana.

Kwa nini udongo wetu unakuwa mchachu

Mvua ya Kamituga ni nyingi, na tunaishukuru. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo inayoosha kalsiamu na magnesiamu kutoka juu ya udongo na kuzishusha chini, au kuzipeleka mtoni. Kinachobaki ni uchachu. Sisi nasi tunauongeza. Kila tunapovuna na kupeleka mavuno sokoni bila kurudisha kitu shambani, tunauza sehemu ya kalsiamu ya shamba. Na urea na DAP tunazozitafuta kwa nguvu, zenyewe zinaongeza uchachu zikitumiwa miaka mingi bila chokaa.

Uchachu unapimwa kwa namba inayoitwa pH. Namba 7 ni katikati, maji safi. Chini ya 7 ni uchachu. Kila namba moja unayoshuka, uchachu unazidi mara 10: udongo wa pH 4,5 ni mchachu mara 10 kuliko udongo wa pH 5,5. Hapo ndipo penye shida. Udongo ukiwa chini ya 5,5, alumini iliyofungwa ndani ya udongo inaanza kuyeyuka. Alumini hiyo ni sumu kwa mizizi. Mizizi inakuwa mifupi, minene, na ncha zake zinakufa. Mmea unakaa na kiu hata mvua ikinyesha. Alumini na chuma vinashika pia fosforasi, ile tunayoinunua ndani ya DAP, na kuifungia mahali ambapo mzizi hauwezi kuichukua. Vijidudu vinavyoishi katika vinundu vya mizizi ya maharagi, vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani, navyo vinadhoofika.

Basi mkulima anayemwaga DAP kwenye udongo wa pH 4,5 anafanana na mtu anayeweka chakula mbele ya mgonjwa mwenye kidonda kooni. Chakula kipo, lakini hakipiti. Tibu koo kwanza.

Kabonati ni jamaa moja kubwa

Kabonati inapatikana pale gesi ya kaboni inaposhikana na madini. Gesi hiyo tunaijua: ndiyo inayopanda katika chupa ya limonadi, na ndiyo mazuku inayoua mbuzi katika mabonde ya karibu na Goma. Ikishikana na kalsiamu, inakuwa jiwe la chokaa. Ikishikana na kalsiamu pamoja na magnesiamu, inakuwa dolomiti. Ikishikana na sodiamu, inakuwa magadi, kama yale yanayochimbwa ziwa Magadi huko Kenya tangu 1911. Ikishikana na potasiamu, inakuwa ile chumvi kali iliyomo ndani ya jivu. Mabibi zetu waliokuwa wakichuja maji katika jivu la mimea ili kupata chumvi, walikuwa wakifanya kazi ya kabonati bila kuiita hivyo.

Namna ya kuitambua ni rahisi. Chukua unga wa jiwe la chokaa, kamulia limau. Utaona mapovu. Uchachu wa limau unakula kabonati, gesi inatoka, uchachu unageuka maji, na kalsiamu inabaki. Ndicho kinachotokea shambani pia, polepole, chini ya miguu yetu: chokaa inakutana na uchachu wa udongo, uchachu unakwisha, alumini inarudi kulala, na kalsiamu inabaki kuwa chakula cha mmea.

Mawe haya yanazaliwa kwa njia nyingi. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya, yanatokana na matumbawe na makombe ya bahari. Ndiyo maana mji wa kale wa Zanzibar ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka humo humo. Tororo huko Uganda na Koru huko Kenya, yanatokana na volkano za zamani sana ambazo tumbo lake lilijaa kabonati. Na Tanzania kuna mlima Ol Doinyo Lengai, volkano ya pekee iliyo hai duniani inayotoa lava ya kabonati.

Kwetu Kivu ya Kusini, mawe ya chokaa yanayojulikana zaidi yako Katana, teritware ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu karibu na ziwa. Hayo yalizaliwa na maji moto. Maji yanayopita chini sana yanabeba gesi na kuyeyusha kalsiamu. Yakitoka juu, gesi inakimbia kama katika chupa iliyofunguliwa, na kalsiamu inaganda kuwa jiwe, tabaka juu ya tabaka. Kiwanda cha simenti cha Katana kilijengwa huko kwa sababu ya mawe hayo. Ng’ambo ya mto Ruzizi, huko Bugarama nchini Rwanda, kiwanda cha CIMERWA kinatumia mawe ya namna hiyo hiyo.

Angalieni jambo moja. Mawe haya yalipoonekana, watu waliwaza simenti kwanza. Simenti ni kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi hadi joto la karibu digri 1.450. Ni kazi ya mafuta mengi, mashine kubwa na pesa nyingi. Lakini shamba haliombi hayo yote. Shamba linaomba jiwe lilelile lisagwe tu, liwe unga laini. Hakuna kuchoma, hakuna kukata miti. Mimi najiuliza kwa nini jimbo lenye mawe ya chokaa na lenye udongo mchachu linashindwa kuvikutanisha viwili hivyo. Rwanda wanaiita ishwagara, na kooperative za wakulima wa milimani huko wanaijua vizuri. Kwetu, mkulima akisikia “chokaa” anawaza kupaka ukuta wa kanisa.

Unga mweupe si wa aina moja

Kabla ya kutoa pesa, tujue tunanunua nini. Weupe unadanganya.

Kuna jiwe lililosagwa bila kuchomwa, yaani kabonati yenyewe. Ni pole, haliunguzi mkono, linafanya kazi taratibu. Kadiri unga ulivyo laini ndivyo unavyofanya kazi haraka; vipande vikubwa kama changarawe vitakaa shambani miaka bila faida. Ukitia limau, linatoa mapovu.

Kuna chokaa iliyochomwa na haijazimwa. Jiwe likichomwa kwa joto la karibu digri 900, gesi inatoka, na kila kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56. Ukiitia maji inachemka kwa nguvu. Inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Kuna chokaa iliyozimwa, ile ambayo imekwisha kunyweshwa maji na kuwa unga mkavu. Hii ndiyo inayouzwa mara nyingi kwa kupaka nyumba. Nayo ni kali kwa macho na ngozi, lakini haichemki tena.

Kuna jasi. Chaki nyingi za shule zinatengenezwa na jasi. Ina kalsiamu, lakini haiondoi uchachu. Limau halitoi mapovu juu yake. Karanga zinaweza kuipenda kwa sababu ya kalsiamu, lakini kama lengo ni kutibu uchachu, umenunua kitu kingine.

Na kuna magadi na soda ya kufulia au ya kuokea. Ni kabonati pia, lakini ya sodiamu. Usiitupe shambani hata mara moja. Sodiamu inaharibu udongo, inaufanya ugande na kukataa maji.

Hesabu ya barabara

Hapa ndipo Kamituga inapotofautiana na Kabare. Mkulima wa Katana yuko karibu na jiwe. Sisi tuko mwisho wa kilomita karibu 180 za Barabara ya Taifa namba 2 kutoka Bukavu, kupitia Walungu na Mwenga, na kila mmoja wetu anajua malori yanavyolala katika matope wakati wa mvua. Chokaa ni mzigo mzito wa bei ndogo. Kwa mzigo wa namna hiyo, barabara inaweza kula pesa kuliko duka.

Kwa hiyo tusihesabu mifuko, tuhesabu nguvu. Kwa kuua uchachu, kilo 100 za jiwe safi lililosagwa ni sawa na kilo 74 za chokaa iliyozimwa, na sawa na kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Tuchukue kazi ya tani moja ya jiwe. Kwa mifuko ya kilo 50, jiwe lililosagwa ni mifuko 20. Chokaa iliyozimwa ni mifuko 15. Isiyozimwa ni mifuko 12, na wa mwisho haujai. Tuseme, kwa mfano tu, dereva anaomba dola 10 kwa mfuko. Jiwe litasafiri kwa dola 200, iliyozimwa kwa dola 150, isiyozimwa kwa dola 120.

Mwenye haraka atasema: “Basi tuchukue isiyozimwa, iko na bei chini.” Hapana. Tunajua malori yetu. Juu ya mizigo wanakaa abiria, mama na watoto, pamoja na bidoni za mafuta. Mvua ikinyesha juu ya mifuko ya chokaa isiyozimwa, itachemka pale pale, na joto lake linaweza kuwasha moto. Akiba ya dola 30 haistahili hatari hiyo. Kwa Kamituga, mimi naunga mkono chokaa iliyozimwa, ndani ya mifuko iliyofungwa vizuri, isafirishwe wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ili ifike kabla ya sezoni A. Kwa ndugu zetu wa Kabare na Walungu walio karibu zaidi, jiwe lililosagwa linatosha, na ni salama kuliko vyote.

Hesabu hii haiwezi kufanywa na mkulima mmoja anayehitaji mifuko miwili. Dereva hatamsikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kooperative ikikusanya maombi ya wanamemba 60 na kulipia lori moja, hapo bei inaongewa kwa heshima.

Chokaa ya dhahabu isije shambani

Sasa hatari niliyoitaja mwanzoni. Kamituga ni mji wa mawe. Tangu enzi za MGL, kisha SOMINKI iliyoundwa 1976, hadi wachimbaji wa leo, hakuna mji katika jimbo hili unaojua kuponda jiwe kama sisi. Mama zetu twangaises wanatwanga mawe kwa mikono kila siku, na siku hizi mashine za kusaga zinalia usiku kucha. Mtu anaweza kusema: jiwe la chokaa lije zima kutoka Katana, tulisage hapa hapa, tuwape mama zetu kazi. Wazo lina uzuri wake, lakini kwa sharti moja. Mashine iliyosaga mawe ya dhahabu na kuguswa na zebaki, ile tunayoiita merkiri, haitakiwi kusaga kitu cha shambani. Zebaki haioshwi kwa maji na kuisha. Kama siku moja tutasaga chokaa hapa, iwe kwa mashine mpya, mahali pake, mbali na visima vya dhahabu. Na anayetwanga avae kitambaa puani, kwa maana vumbi la jiwe linaharibu mapafu.

Jambo la pili ni sianidi. Miaka hii ya karibuni mabeseni ya sianidi yamefika Kamituga, na penye sianidi pana chokaa. Wanaitia kwa makusudi: maji ya beseni yakiwa machachu, sianidi inageuka gesi inayoua. Kwa hiyo chokaa inapanda barabara ileile inayotushinda sisi wakulima, kwa sababu dhahabu ina pesa ya kulipia usafiri na maharagi hayana. Hilo linaniuma, lakini si ndilo ninalotaka kuonya. Ninaonya kuhusu mabaki. Mtu asije kuuziwa kwa bei ndogo “chokaa” iliyobaki kwenye mabeseni, wala mchanga mweupe uliotoka humo, wala mifuko mitupu ya huko ya kuwekea mbegu au unga wa mihogo. Mabaki hayo yanaweza kuwa na sianidi, zebaki na metali nyingine. Shamba likiingiwa na zebaki, hakuna sezoni itakayoiondoa, na watoto wataila katika sombe.

Naomba kila kooperative iandike katika sheria zake za ndani: chokaa ya shamba inanunuliwa katika mfuko mzima wenye jina la mtengenezaji, na hainunuliwi kamwe kutoka mahali pa dhahabu.

Kwa wenye mashaka

Kuna hoja tatu ninazozisikia, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza: “Mihogo yetu inazaa bila chokaa.” Ni kweli. Mihogo inavumilia uchachu kuliko mimea mingi, na mpunga wa mlimani nao unavumilia. Ndiyo maana sisemi tumwage chokaa kila mahali. Tuanze na maharagi, karanga, mahindi na mboga kama kabichi na vitunguu, ambavyo uchachu unaviumiza. Mwenye mihogo peke yake aweke pesa yake kwa miche safi isiyo na ugonjwa.

Ya pili: “Chokaa inaunguza udongo.” Inaweza kudhuru ikizidi. Udongo ukipanda kupita 6,5, zinki, chuma na boroni vinafichwa, na mmea unaugua ugonjwa mwingine. Ndiyo sababu ya kupima kwanza. Wakulima wa Ulaya walikuwa na msemo wa zamani kwamba chokaa inamtajirisha baba na kumfukarisha mtoto. Walikuwa na haki, kwa maana waliitumia bila samadi. Chokaa inafungua ghala la udongo. Kama hakuna anayerudisha kitu ghalani, litabaki tupu. Chokaa, samadi na mboji vinakwenda pamoja, ila si siku moja. Samadi mbichi au urea ikichanganywa na chokaa iliyozimwa, naitrojeni inakimbia hewani, na utaisikia kwa pua. Weka chokaa kwanza, changanya na udongo kina cha sentimita 15 hadi 20, ngoja wiki mbili hadi nne, ndipo ulete samadi na kupanda.

Ya tatu: “Hatuna pesa.” Hii ndiyo nzito. Jibu langu ni jikoni. Jivu la kuni lina kabonati ya kalsiamu na ya potasiamu, na linapunguza uchachu. Nguvu yake inabadilika kufuatana na mti, lakini tukadirie kilo 2 hadi 3 za jivu kwa kazi ya kilo 1 ya jiwe la chokaa. Lihifadhiwe pakavu, maana mvua ikilinyeshea potasiamu inakwenda. Maganda ya mayai nayo karibu yote ni kabonati ya kalsiamu. Yakaushwe na kutwangwa laini sana. Kwa bustani ya mboga nyuma ya nyumba, jivu la familia moja linaweza kufanya kazi ya kweli. Kwa shamba la hekta nzima halitoshi, tusidanganyane. Na jivu la plastiki, la mbao zenye rangi, au la mahali wanapochomea dhahabu yenye zebaki, libaki mbali na chakula.

Wako pia wenzetu wa mashirika ya misaada, na gazeti hili ni lao, kwa hiyo nitasema kwa heshima. Kugawa mbegu bora na mbolea bila kupima udongo ni kugawa nusu ya msaada. Kila mradi unaoleta DAP uweke katika bajeti yake pesa ya kupima pH na ya chokaa pale inapohitajika. Kifaa kidogo cha kupimia pH ni bei ya mifuko michache ya mbolea. Na kwa vipimo kamili, jimbo lina kituo cha INERA Mulungu, kituo cha IITA Kalambo, na vyuo vikuu vya Bukavu vyenye idara za kilimo.

Kwa serikali, sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inasema pembejeo zinazotumiwa kwa kilimo peke yake zisamehewe ushuru wa kuingia nchini. Chokaa ya shamba inayovuka kutoka Rwanda au Burundi ni pembejeo kama mbegu. Kooperative inayoagiza ijipange na karatasi zake, iseme wazi kuwa mzigo ni wa kilimo, na idai haki hiyo kwa jina la sheria. Na tuombe jimbo liutazame mwamba wa Katana kwa macho ya mkulima pia.

Ninachoomba mkutano ujao uamue

Nina maombi manne, nayo yanaweza kuingia katika ajenda ya mkutano mmoja.

Kwanza, kila kikundi kichukue udongo kwa kupimwa. Katika shamba moja chimba mahali 10 mbalimbali, kina cha sentimita 20, changanya vizuri katika ndoo safi, chukua nusu kilo. Andika jina la kilima na zao lililokuwepo. Kama pH ni 5,5 au zaidi, chokaa ingoje. Kama ni chini ya hapo, tuendelee.

Pili, kabla ya kununua lori zima, kila kikundi kifanye shamba la majaribio. Vitalu vinne vya mita 5 kwa 5, zao moja, siku moja ya kupanda: cha kwanza bila kitu, cha pili samadi peke yake, cha tatu chokaa peke yake, cha nne chokaa na samadi. Kwa kipimo cha tani 2 za jiwe kwa hekta, kitalu kimoja kinahitaji kilo 5 za jiwe lililosagwa, au karibu kilo 4 za chokaa iliyozimwa. Agronomu arekebishe kipimo hicho kufuatana na pH na aina ya udongo. Mavuno yapimwe kwa mizani na kuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Tufanye sezoni A na sezoni B, kwa maana chokaa haimalizi kazi mara moja. Ikiwekwa vizuri inasaidia miaka miwili hadi minne. Gharama yake igawanywe kwa miaka hiyo yote, isibebeshwe sezoni moja.

Tatu, wanaomwaga chokaa walindwe. Wafunike macho, pua na mikono, wasimwage wakati wa upepo, na maji safi yawe karibu. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 bila kusimama, kisha nenda kituo cha afya. Watoto wasitumwe kazi hiyo.

Nne, pesa ya mbolea ya sezoni hii igawanywe. Sehemu moja iende kwenye vipimo na vitalu vya majaribio. Najua kuna watakaonung’unika, maana mbolea inaonekana kwa macho na kipimo cha udongo ni namba tu kwenye karatasi. Lakini familia iliyokopa dola kwa ajili ya DAP na kuvuna maharagi ya kilo chache, deni linabaki, na kijana wa nyumba hiyo anaona njia moja tu mbele yake: kushuka kisimani. Tarehe 11 Septemba 2020 visima viliporomoka hapa Kamituga baada ya mvua kubwa, na vijana wengi hawakurudi. Shamba linalozaa ni sababu moja ya mtu kubaki juu ya ardhi.

Kwa hiyo katika mkutano ujao, mhasibu akisoma bei ya mbolea, mmoja wetu ainue mkono na kuuliza: “Na pH yetu iko ngapi?” Tukikosa jibu, mfuko wa pesa ufungwe hadi tulipate.